Gari Lisilosikika la Kahongya

Kaka yangu Kahongya aliunda gari lisilotoa sauti. Watu wa Butembo, mji wetu, walimcheka kwanza, wakamsifu baadaye. Naanza na kicheko kwa sababu siku zile zilikuwa nzuri, na sina haraka ya kufika kwenye zile nyingine.

Mimi naitwa Berthe. Nauza vipuri vya pikipiki, na duka langu limepakana na karakana ya Kahongya. Kati yetu kuna ukuta wa mabati tu, kwa hiyo kwa miaka mingi nimesikia kila pigo la nyundo yake. Hata siku alizojiunguza kwa moto wa kuchomelea vyuma nilijua, maana nyundo ilikoma ghafla na yeye hakusema neno. Fundi mwingine angepiga yowe, angeomba maji, angetukana chuma. Yeye hapana. Kahongya ni mtu wa kubeba gunia la saruji peke yake mpaka macho yamtoke, kuliko kumwambia aliyesimama karibu, nishikie upande huu. Nilikuwa nikimtania kwamba siku akifa atajichimbia kaburi mwenyewe ili asitupe kazi. Alikuwa akicheka. Siku hizi utani huo nimeuacha.

Gari lenyewe, ungeliona, usingejua ucheke au ukimbie. Lilikuwa na magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma. Mwili wake ulikuwa vyuma vya vitanda vya zamani. Kioo cha mbele kilikuwa dirisha la basi dogo lililochoka, na mlango wa ubavuni ulikuwa mlango wa friji, mweupe, na mpira wake bado umeuzunguka, ukiusukuma kidogo unajivuta wenyewe na kufunga pwa! Juu ya paa alifunga paneli za jua, chini ya kiti akapanga betri. Mota zake zilitoka kwenye pikipiki za umeme zilizoharibika upande wa Uganda, zikaingia kwa njia ya mpaka wa Kasindi ndani ya gunia la vyuma chakavu. Hukuhitaji ufunguo kuliwasha. Ulibonyeza swichi ya ukutani, ile ile tunayowashia taa ya chumbani, na balbu ndogo ya kijani ikakuambia kwamba nguvu ipo. Balbu nyekundu ilikuwapo pia, lakini hakuna aliyeiangalia sana.

Ndani kulikuwa na kitanda kimoja, kimening'inizwa kwa mipira ya ndani ya magurudumu ili mgonjwa asihisi mashimo ya barabara. Nililala juu yake mimi mwenyewe, Kahongya akanizungusha mtaani, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilipita kwenye makorongo ya Butembo bila kushika kiuno. Vijana wa pikipiki walitufuata wakipiga vigelegele. Walimwita Kahongya "Japoni", yaani Japani, wakamuuliza kama ndani ya friji yake kuna samaki wa ziwani kule Kyavinyonge.

Lakini kilichowanyamazisha ni kimya. Kitu kile kilikuja nyuma yako na hukujua. Uligeuka ukakikuta kimesimama kisiginoni kwako, kaka yangu ameketi ndani, mikono juu ya usukani wa pikipiki, anatabasamu. Watu wakakipa jina Bubu. Jina likashika, na Kahongya mwenyewe akalikubali. Usiku wa kuamkia Jumapili alilipaka kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa friji.

"Gari za kesho zote zitakuwa hivi," aliniambia. "Mutu atapita, atafanya kazi yake, hapana kusumbua mwingine."

Sasa lazima niseme kwa nini aliliunda, maana hakuliunda kwa ajili ya kuchekesha mtaa.

Sisi ni watu wa Kipese, juu milimani. Kule, mgonjwa akizidiwa, anashushwa hospitali kwa machela, tipoyi tunavyoiita. Wanaume wanaiweka mabegani, wengine wanafuata wakisubiri kupokea. Na hawaendi kimya. Aliye mbele anapaza sauti, anataja jina la aliyelala na nyumba anayotoka, na katika kila kijiji wanachopita wanaume wanaacha walichoshika, wanaingia njiani, wanapokea mzigo. Hata yule ambaye bega lake halihitajiki anafuata nyuma. Mgonjwa anatoka kwao na watu wachache, anafika hospitali na umati. Ukisikia mwito na ukabaki ndani, kijiji kizima kitakukumbuka kwa hilo.

Ndivyo alivyobebwa Agar, mke wa kaka yangu, binti yao Keren akiwa bado mtoto wa kushikwa mkono. Ilikuwa mvua. Waliteleza, wakainuka, wakapokezana, lakini Agar alikata roho mabegani mwao kabla ya kuiona barabara kubwa. Wanaume wale wale wakageuka wakamrudisha juu, na Kahongya akatembea nyuma yao kwenda na kurudi. Baada ya maziko, walioibeba tipoyi hukaribishwa nyumbani kwa marehemu, wananawa mikono, wanakula. Kaka yangu hakuwa na kitu. Aliwapa viazi vitupu. Wakala, na kiongozi wao Maliro, mtu wa kijiji cha chini, bega lake limechubuka mpaka damu imeganda kwenye shati, akasimama na kumwambia, "Wasingya." Asante kwa chakula.

Asante ile ilimchoma Kahongya kuliko tusi. Mimi sikuielewa hasira yake, na mpaka leo siielewi vizuri. Watu wamekufanyia wema, wamekula ulichonacho, wamekushukuru, wewe unakunja uso? Lakini ndivyo alivyoumbwa. Alimchukua Keren, wakashuka Butembo, na akaapa mbele yangu kwamba hakuna mtu wake atakayepanda tena mabegani mwa watu.

Keren alikua hapo hapo karakanani, na sijui alirithi wapi sauti yake. Baba haongei, mtoto anaimba. Alisikika mpaka soko. Kwenye kwaya ya kanisa walimweka nyuma kabisa ili asizibe sauti za wenzake, naye alizizibia huko huko nyuma. Alipopata mume, Précieux, kijana wa Kipese mwenye shamba la viazi na mboga za liki, alirudi kule juu tulikotoka sisi. Kahongya akaanza kuchomelea Bubu wiki ile ile.

Kulikuwa na honi mwanzoni. Nataka hili lijulikane. Ilikuwa honi ya lori, niliitoa dukani kwangu, na ukiibonyeza kuku wote wa mtaa walitawanyika.

Aliiondoa katika mji wa Beni. Alikuwa amepakia Bubu kwenye lori kwenda huko, kumwonyesha kwa wauguzi waliosikia habari zake. Walimpeleka kwenye uwanja wa kanisa uliojaa watu waliokimbia vijiji vya kaskazini. Watu hao hawakucheka hata kidogo. Walimzunguka Bubu polepole, wakagusa magurudumu yake, wakaweka masikio kwenye mota. Mzee mmoja, Phinées, aliyekuwa amewazika watu wa nyumba yake wote, alimwomba Kahongya aende mbele na arudi nyuma, tena na tena, naye amefumba macho akisikiliza.

"Kwetu ilikuwa makelele ndiyo inaleta kifo," alisema. "Pikipiki ikilia, bauaji beko nasikia mbali, banakuya. Hii hapana mutu atasikia. Lakini toa ile klaxon, Papa. Mutu anaweza kuibonyeza bila kujua."

Kahongya akachukua spana, akaifungua honi palepale mbele ya Phinées, watu wakapiga makofi. Nami sina la kumlaumu Phinées. Katika nchi yetu, kwa miaka hii, mtu mwenye akili hujifunza kupita bila kusikika. Tunazima simu, tunazima taa, tunaziba midomo ya watoto. Kaka yangu alirudi kutoka Beni akiwa amenyooka mgongo, kana kwamba tabia yake ya zamani sasa imepewa baraka.

Kisha vita vikafika Kanyabayonga, kusini kwetu, barabara ikajaa magodoro na mbuzi na watu wanaopanda kaskazini, na pikipiki za kukodi zikawa adimu milimani. Keren alikuwa karibu kujifungua. Kahongya akampakia Bubu kwenye lori lililokuwa linapanda tupu kuchukua mboga, na mimi nikafunga duka, nikaenda naye. Shangazi asipokuwepo siku hiyo atakuwepo lini?

Tulikuta Kipese imefunikwa na ukungu. Wa kwetu mnaujua, ule unaokaa mpaka unasahau mlima wa mbele una sura gani. Paneli za Bubu zililowa tu, hazikula jua hata kidogo. Kahongya alibonyeza swichi kila asubuhi, balbu ya kijani ikawaka, akaridhika. Lakini Bubu alikuwa amesimama, hajapanda kitu, hajabeba mtu. Kule Butembo Kahongya alimjaribu kwenye mitaa na vilima vifupi, akarudi kumweka juani. Balbu ile ilimwambia ukweli wa gari lililosimama, basi; haikumwambia kama betri zitatosha kupanda mlima.

Uchungu ulimshika Keren alfajiri. Kulipopambazuka muuguzi wa kituo cha afya, Vagheni, mwanamke asiye na maneno mengi, alitoka akifuta mikono na kusema mtoto amelala kwa kukingama. Hapo kituoni hawana la kufanya. Ni kushuka hospitali ya barabara kubwa, apasuliwe.

Précieux hakungoja. Alikuwa ameshaita majirani, wamesimama nje na tipoyi yao, wamekunja suruali. Kahongya akawakuta pale mlangoni.

"Bafanye nini hawa?" aliuliza.

"Papa, batatufuata tu nyuma ya gari," Précieux akasema. "Kama kuna kitu, beko karibu."

"Kitu gani? Gari iko muzima. Bambie barudi ku mashamba yabo."

"Yaya," nikamwambia kaka yangu, "acha, leka bafuate. Miguu ni yabo, hapana yako."

"Berthe, nyamaza. Mutoto yangu hapana kupita ku mabega ya batu."

Vagheni akatuambia tubishane tukiwa njiani. Wale wanaume wakatazamana, wakaiegemeza tipoyi ukutani, mmoja akamwombea Keren kwa sauti ndogo, wakaondoka. Niliwaona wakimezwa na ukungu, na hasira niliyoisikia wakati ule bado iko hapa kifuani. Haijapoa.

Tukaondoka. Kahongya mbele, Précieux amejibana nyuma yake, mimi nimekaa chini kando ya kitanda nimeshika mkono wa Keren. Na nitasema ukweli: ilikuwa safari laini kuliko zote. Mipira ile ilimbembeleza. Kati ya uchungu mmoja na mwingine alifungua macho na kuniuliza, "Tanti, tuko natembea ao tumesimama?"

Nikamwambia tunatembea. Akacheka. Nikaona mabega ya kaka yangu yakitikisika kidogo, naye anacheka pale mbele, na kwa muda ule nilimsamehe.

Tulipita kijiji cha kwanza hakuna aliyegeuka. Ukungu na Bubu vilikuwa vimeelewana. Jogoo alibaki katikati ya njia mpaka Kahongya akamkwepa. Mwanamke alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake, ametupa mgongo, akageuka kuokota kitu, tukapita karibu naye kiasi cha kushikana mikono. Keren alimwona kupitia uwazi wa mlango.

"Papa, simama kidogo nimusalimie ule mama."

"Leka mama afanye kazi yake," Kahongya akajibu.

Kijiji kilichofuata ni cha Maliro. Moshi wa asubuhi ulikuwa unatoka kwenye mapaa, na majembe yalikuwa bado yameegemezwa nje kwenye kuta. Nilisikia sauti za wanaume ndani, wanakunywa chai. Précieux akainama kwenye sikio la baba mkwe wake.

"Papa, ni kwa Maliro hapa. Nishuke tu, nibaambie tuko napita na mugonjwa."

"Tutachelewa."

"Hata dakika haiishe, Papa."

"Nimesema tutachelewa."

Kahongya aliinamisha kichwa alipopita mlango wa Maliro. Niliona kwa macho yangu. Mtu mzima, fundi anayejulikana, ameinamisha kichwa kama mwanafunzi mtoro. Wala hakuna aliyetoka.

Chini ya kijiji kile njia inashuka mpaka mtoni, kisha inapanda mlima mmoja mrefu kabla ya kuteremkia barabara kubwa. Huko kwenye kupanda hakuna nyumba, ni mashamba tu na miti ya mikaratusi. Tulivuka mto vizuri. Tukaanza kupanda. Tope lilikuwa jekundu na zito, magurudumu yakaanza kuzunguka bila kushika. Balbu nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka. Kisha Bubu akafa. Hata kufa hakutoa sauti; tulijua kwa sababu tulianza kurudi nyuma.

Précieux aliruka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Tulisukuma. Tulisukuma mpaka nikaanguka kifudifudi kwenye tope, na Bubu alipanda hatua chache akakataa. Précieux akamwangalia mke wake mara moja, akageuka, akaanza kukimbia kurudi kwa Maliro. Kahongya aliingia kwenye kiti chake, akawa anabonyeza ile swichi ya chumbani. Tak. Tak. Tak.

"Shuka uite batu!" nikamwambia.

"Network hakuna."

"Nimesema uite, Yaya! Na mudomo yako!"

Akashuka. Akaweka mikono kinywani, akaita mara moja. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kuingia. Nikamsukuma kando, nikaita mimi, kwa Kiswahili na kwa Kinande cha kwetu, nikataja jina la Keren na jina la baba yake na la bibi yake, mpaka koo likapasuka. Ukungu ukanirudishia maneno yangu usoni. Hapo ndipo nilipoitafuta honi kwa mkono, nikagusa yale matundu mawili ya skrubu zilizokuwa zimeifunga.

Ndani ya gari Keren alikuwa anapiga kelele, na mimi nilishukuru kelele zile, maana zilikuwa zake, zile zile za kwaya. Kisha zikakatika.

"Tanti," akasema, "imeacha kuuma."

Nimezaa mimi. Nilijua uchungu hauachi hivyo, ghafla, mtoto akiwa bado ndani. Nilimwangalia uso, umeanza kupauka, na anatabasamu kwa sababu amepata nafuu. Nikamwambia apumzike. Kahongya aliniuliza kwa macho, nami nikarudi kuushika mkono wa Keren.

Précieux alipofika kwa Maliro, chai ilikuwa imekwisha na majembe hayapo ukutani. Wanaume walikuwa wameshaenda mashambani, upande wa pili wa bonde. Wakina mama wakatoka nje na kuita, wale wa mbali wakawapasia wa mbali zaidi, na mtu mmoja mmoja akaanza kushuka, huyu kutoka huku, yule kutoka kule. Wakatafuta tipoyi. Yote hayo yalikula muda ambao Keren hakuwa nao.

Mwishowe tukawasikia. Mwito ulitangulia, chini kabisa mtoni, kisha ukapanda. Jina la Keren lilikuwa mbele yake. Maliro alitokea kwenye ukungu akihema, nywele zake nyeupe sasa, akasimama mbele ya Bubu. Akaangalia mlango wa friji na jina lililoandikwa. Akamwangalia Keren.

"Mulipita kwetu, Kahongya?"

"Ndiyo."

"Asubuhi hii?"

"Ndiyo."

"Tulikuwa nyumbani," Maliro akasema.

Wakamhamishia Keren kwenye tipoyi. Maliro alichuchumaa, akaiweka begani, na wengine watatu wakainuka naye. Wakaupanda mlima ule karibu kwa kukimbia, wanaita, na kutoka upande wa pili watu wakaanza kuitikia na kutokea, wengine miguu mitupu, mmoja na povu la sabuni bado kidevuni. Walipokezana bila kusimama. Kahongya alitembea nyuma. Bubu alibaki katikati ya njia, na baadaye madereva wa malori walimsukuma pembeni ili wapite.

Daktari alifanya alichoweza. Tumbo la uzazi lilikuwa limepasuka. Alimtoa mtoto wa kiume, mkubwa, mwenye nywele nyingi, asiye na uhai. Kisha akamtoa Keren tumbo la uzazi lenyewe ili damu isimame. Keren alipona. Ndivyo wanavyosema watu, amepona, tumshukuru Mungu, Nyamuhanga, nami ninashukuru, lakini neno hilo halinipiti vizuri kooni.

Wanaume wa Maliro walimzika mtoto jioni ile, Précieux akiwa amebeba kile kifurushi kidogo. Kahongya alikuwa amehangaika akapata mchele na maharagwe, akaviandaa kwenye jiko la hospitali, akaweka na maji ya kunawa. Alisimama mbele yao, akawakaribisha. Maliro aliyaangalia maji yale.

"Tuna kazi nyumbani," alisema. "Siku ingine."

Wakaondoka wote. Mtu asiyetoka kwetu anaweza kudhani walikuwa na haraka kweli. Kahongya alikaa karibu na sufuria mpaka chakula kikapoa.

Siku Keren aliporuhusiwa kushusha miguu kitandani, tulikuwa wodini sisi watatu. Précieux alikuwa amepanda Kipese kuangalia shamba. Wodi ilikuwa imejaa wamama na watoto wao wachanga, kitanda kwa kitanda. Keren alikuwa amelala akiangalia dari. Tangu apasuliwe alikuwa akiongea kwa sauti ya chini sana, mpaka wauguzi walimwinamia ili wamsikie. Wao hawakumjua Keren wa zamani.

"Papa," akasema. "Ule mama mwenye alikuwa anafagia. Nilimuona uso."

"Ndiyo, mama yangu."

"Alikuwa karibu. Ningetoa mukono, ningemugusa."

"Ndiyo."

"Ungeniacha, ningemuita. Miye hapana haya na batu."

Kahongya alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nikadhani atanyamaza kama kawaida yake. Lakini akasema, "Niliona aibu, Keren. Kusumbua batu. Maisha yangu yote niko naona aibu ya kusumbua batu."

Keren aligeuza kichwa juu ya mto, akamtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonitisha.

"Basi mutoto yangu hakusumbua mutu," akasema.

Mtoto alilia kwenye kitanda cha jirani, mama yake akamtuliza haraka na kuangalia upande mwingine. Keren aliondoa shuka. Alitaka kuamka, kwenda nje. Aliweka mkono tumboni kwenye bandeji, akajaribu kujiinua kwa kiwiko, uso ukamkunjamana. Kahongya akasimama mara moja, akampa mikono yote miwili.

"Hapana," Keren akasema. "Weye hapana. Ita mutu mwingine."

Mimi nilikuwa nimeinuka tayari, nikaona jinsi alivyonitupia jicho, nikakaa. Kahongya alibaki na mikono imenyooka, kisha akaishusha. Alitembea katikati ya vitanda mpaka mlangoni. Nje kwenye baraza kulikuwa na watu wengi, wauguzi, jamaa wanaouguza wagonjwa wao, wamama wanaofua. Alisimama akiwaangalia. Nilifikiri hataweza.

"Batu yangu," akaita. Sauti ilimkatika, akaanza tena, kwa nguvu, mpaka wodi nzima ikageuka. "Batu yangu! Munisaidie. Mutoto yangu anashindwa kuamka."

Waliacha ndoo zao, wakaja watatu, wanne, bila kuuliza. Mama mmoja, mikono imelowa mapovu, alimshika Keren chini ya makwapa, mwingine akamshika kiuno, wakamwinua polepole, wakatoka naye. Kaka yangu alijibana kwenye ukuta wa mlango ili wapite.